Moto wa Nyumbani

1. Baridi ya Ugogo

Nchi ya Ugogo ni kavu, nayo imeinuka. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wageni watokao pwani huistaajabia baridi yake. Katika mwezi wa sita na wa saba jua huwaka mchana, lakini usiku upepo huvuma, na joto hushuka hata kufika karibu na nyuzi 13.

Wazee wa Kigogo walijua namna ya kushindana na baridi hiyo. Walijenga tembe, yaani nyumba ndefu yenye kimo kifupi. Kuta zake zilikuwa za miti na udongo, na paa lake lililala sawa, likafunikwa udongo. Ndani waliwasha kuni kati ya mafiga matatu. Moto ule uliivisha ugali, uliwaotesha watoto, na moshi wake ulifukuza wadudu walao miti ya paa. Lakini tembe haikuwa na madirisha, au yalikuwa madogo sana. Basi wanawake waliokaa karibu na mafiga kila siku waliumwa macho, wakakohoa. Moto uliwapa faida, ukawatoza na ushuru wake.

Siku hizi nyumba nyingi za Dodoma ni za matofali na bati, na milango yake hufunga sawasawa. Watu wengine hudhani ya kuwa hatari ya moto imekwisha. Sivyo. Mlango ufungao vizuri huzuia upepo usiingie, lakini pia huzuia sumu isitoke.

2. Bibi na mjukuu wake

Palikuwa na bibi mmoja aliyekaa na wajukuu wake wawili, msichana wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume. Usiku mmoja wa mwezi wa saba upepo ulivuma kwa nguvu. Chakula cha jioni kilikuwa kimepikwa uani juu ya seredani, yaani jiko la makaa, na makaa yalikuwa yangali mekundu.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, ingiza seredani ndani, tupate kulala kwa joto."

Msichana akajibu, "Bibi, mwalimu ametukataza kulala na makaa."

"Mwalimu wako hana mifupa ya uzee," akasema bibi. "Hebu tazama, moshi hakuna hata kidogo. Hatari itoke wapi? Ingiza, ufunge mlango."

Msichana hakutaka kumkosea adabu bibi yake. Akaingiza seredani, akafunga mlango na dirisha, akalala penye upenyo wa chini ya mlango.

Usiku wa manane mdogo wake alilia na kutapika. Msichana akaamka. Kichwa kilimwuma kama kinachopasuka, na miguu yake haikuwa na nguvu. Akamwita bibi, asijibiwe. Mara akakumbuka maneno ya mwalimu. Akatambaa mpaka mlangoni, akaufungua wazi, akamvuta mdogo wake nje, akapiga kelele. Majirani wakaja mbio, wakamtoa bibi, wakampeleka hospitali. Huko alipewa hewa ya oksijeni, na kwa rehema za Mungu akapona.

Aliporudi nyumbani akasema, "Nilitafuta moshi kwa macho yangu, nisiuone, nikadhani hatari hakuna. Kumbe iko hatari isiyoonekana."

3. Sumu isiyoonekana

Kila moto huhitaji vitu vitatu: kitu cha kuunguza, joto, na hewa. Figa moja haliinjiki chungu, na moto nao hauwaki vema likipungua moja katika hayo matatu. Kuni mbichi hutumia joto lake kwanza kukausha maji yaliyo ndani yake. Kwa hiyo moto hupoa, na sehemu ya mti isiyoungua hutoka kuwa moshi. Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokayo katika mioto ya kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Makaa hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, nayo hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na kulegea mwili. Aliyelala huenda asizitambue kabisa, akafa usingizini. Wengine hudhani ya kuwa chungu cha maji kikiwekwa karibu na makaa huondoa sumu hiyo. Si kweli. Maji hayawezi kuiondoa.

4. Kanuni za kutunza moto

Kwanza, kuni zipasuliwe, zikauke kwa miezi kadhaa, zipangwe juu ya mawe mahali pasiponyesha mvua. Kuni kavu hutoa joto zaidi na moshi kidogo, na miti michache hukatwa.

Pili, moto wa kupikia uwe jikoni au uani, si katika chumba cha kulala. Dirisha na mlango viwe wazi wakati moto unapowaka.

Tatu, jiko la udongo lenye dohani lisafishwe mara kwa mara, likiwa limepoa. Masizi yakijaa, dohani huziba na moshi hurudi ndani. Tena masizi yenyewe huweza kushika moto. Nyufa za jiko zizibwe kwa udongo.

Nne, majivu yazolewe kwa chombo cha bati, yamwagiwe maji, yafukiwe shimoni. Kaa moja laweza kujificha katika majivu hata siku ya pili, na upepo wa Dodoma ukalipeleka penye nyasi kavu au ghala ya mtama.

Tano, mafuta ya taa yasimiminwe kamwe juu ya makaa.

Sita, watoto wadogo wasiachwe peke yao karibu na moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe majivu, unga wala mafuta. Jeraha likiwa kubwa, apelekwe hospitali upesi.

Saba, mtu akikutwa amezimia penye makaa, mlango ufunguliwe mara moja, naye atolewe nje kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali.

Nane, iliyo kubwa kuliko zote: moto ulale kabla ya watu kulala.

Bibi yule aliishika kanuni hii. Baridi ilipozidi, msichana alimwekea blanketi la pili, na bibi hakulala bila kuuliza, "Mjukuu wangu, moto umelala?" Naye msichana alijibu, "Umelala, bibi, tena uko nje." Ndipo wote watatu walipolala.

Maswali

1. Kwa nini nyumba mpya yenye mlango ufungao vizuri huweza kuzidisha hatari ya makaa?
2. Bibi alikosea nini alipotafuta moshi kwa macho?
3. Msichana angewezaje kumkataza bibi yake bila kuvunja adabu?
4. Taja dalili nne za sumu ya makaa.
5. Jioni ya leo, tazama moto wa nyumbani kwenu. Je, hulala wapi?