Kuishi Ugenini: Imani, Chakula na Jamaa



Muhula uliopita niliuliza darasa moja swali hili: "Nani kati yenu ana ndugu aliyehama Bariadi akaenda kukaa mkoa mwingine?" Karibu mikono yote iliinuka. Mmoja alitaja Mpanda, mwingine Kaliua, mwingine Ifakara. Nikauliza la pili: "Nani amepata kuwaona watoto wa ndugu huyo?" Mikono ikashuka, ikabaki minne tu. Basi nikaona kwamba jambo hili lafaa kuwa somo katika gazeti letu.

Somo lenyewe ni hili: mtu akiondoka kwao akaenda kukaa mbali, ni mambo gani humfanya aendelee kuwa mtu wa kwao? Nitachukua mambo matatu, yaani imani, chakula na jamaa. Tutajitazama sisi Wasukuma, kisha tutawatazama Wafilipino, watu wa bara la Asia ambao wamekwenda ugenini kwa wingi sana.

1. Jinsi watu wetu walivyosambaa

Nchi yetu ya Ntuzu na nchi jirani zimekuwa na watu wengi na ng'ombe wengi tangu zamani. Upande wa mashariki hatuwezi kupanuka, kwa maana huko ndiko iliko hifadhi ya Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Wakulima wakaongeza mashamba ya pamba, ardhi ikachoka, na malisho yakapungua. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na makao yake yakawa Malya. Mpango ule ulitaka watu wapunguze mifugo na baadhi yao wahamie Geita, ambako ardhi ilikuwa bado tele.

Baadaye watu walijihamisha wenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 wenye ng'ombe wengi walielekea Tabora, Mpanda na bonde la Rukwa. Wengine walishika njia ya Usangu, kisha bonde la Kilombero. Walikwenda polepole, wakichunga njiani. Aghalabu kijana mmoja hutangulia kuona nchi, ndipo wazee na akina mama wafuate.

Yafaa tukumbuke kwamba mikoa ya Simiyu na Katavi ilizaliwa pamoja, mwaka 2012. Kwa hiyo leo mtoto wa Bariadi na binamu yake wa Mpanda wanakaa katika mikoa yenye umri mmoja, lakini kati yao iko safari ndefu ya kupita Shinyanga na Tabora.

2. Wafilipino ni watu gani?

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 katika bahari ya Pasifiki. Wahispania waliitawala tangu mwaka 1565 hadi 1898, na kwa sababu hiyo watu wengi wa nchi hiyo ni Wakristo Wakatoliki. Upande wa kusini, hasa katika kisiwa cha Mindanao, wako Waislamu ambao dini yao ilifika kabla ya Wahispania.

Mwaka 1974 serikali ya nchi hiyo ilitunga sheria ya kazi, na ndani yake ikaweka utaratibu wa kupeleka wafanyakazi nchi za nje. Tangu hapo mamilioni wamekwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar, Hong Kong, Italia na kwingineko. Wako wauguzi, mafundi na watumishi wa nyumbani. Wengi pia ni mabaharia katika meli za mataifa mbalimbali. Hawakufuata malisho kama sisi. Walifuata mshahara. Lakini mtu aliyeacha nyumba yake kwa ajili ya malisho na yule aliyeiacha kwa ajili ya mshahara hupata taabu moja usiku anapolala.

3. Imani

Wafilipino wana desturi ya kusali Misa siku tisa mfululizo kabla ya Noeli, tangu tarehe 16 hadi 24 Desemba. Desturi hiyo huitwa Simbang Gabi. Kwao husaliwa alfajiri, giza likiwapo bado, ili zamani mkulima apate kusali kabla ya kwenda shambani. Ng'ambo mambo hubadilika. Mwajiri hangoji mtu atoke kanisani, kwa hiyo mahali pengi Misa hizo husaliwa jioni baada ya kazi. Katika Saudi Arabia, ambako hakuna makanisa, watu husali vyumbani mwao kwa sauti ya chini. Saa imebadilika na mahali pamebadilika, lakini siku tisa zimebaki tisa.

Tazameni sasa kwetu. Wazee wetu walimjua Mungu kabla ya wamisionari kufika. Waliwakumbuka pia masamva, yaani roho za wahenga wao, na katika kaya nyingi kulikuwa na vijumba vidogo vilivyojengwa kwa ajili yao. Kisha misheni ya Africa Inland ilishika kazi pale Nassa mwaka 1909, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Busega. Wakatoliki nao wakajenga misheni zao katika Usukuma.

Mtu aliyehama hakuweza kubeba jengo la kanisa, wala kijumba cha wahenga, wala kaburi la baba yake. Alibeba alichokuwa nacho moyoni. Baba yangu mdogo, aliyehamia Katavi, alinieleza kwamba Jumapili yao ya kwanza walisali familia tatu chini ya mti, na kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja. Asiyekuwa na kitabu aliimba kwa kukumbuka. Hapo ndipo wengi wao walipotambua ni nyimbo ngapi walizozijua, na ni ngapi walizokuwa wakifuata tu wenzao.

4. Chakula

Kila mwenye kukaa mbali hutamani chakula cha kwao, nacho chakula hicho huwa na elimu ndani yake. Hebu tuangalie.

Sisi tuna viazi vitamu, navyo haviwezi kukaa muda mrefu bila kuoza. Wazee walipata dawa mbili. Ya kwanza ni michembe: viazi vibichi huachwa vinyauke, hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Ya pili ni matobolwa: viazi huchemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa. Michembe hupikwa tena kabla ya kuliwa, na mara nyingi huliwa pamoja na karanga au maziwa. Matobolwa, kwa kuwa yalikwisha kuiva, mtu aweza kuyatafuna njiani bila moto. Kwa hiyo ni chakula cha msafiri hasa. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa, mboga ya kiangazi.

Sababu yake mmekwisha kuisoma katika sayansi. Vijidudu vinavyoozesha chakula huhitaji maji. Jua likiondoa maji, vijidudu haviwezi kuzaana.

Wafilipino nao wana kitoweo kiitwacho adobo. Nyama ya kuku au ya nguruwe hupikwa kwa siki, vitunguu saumu, pilipili manga na majani ya mbei, na siku hizi hutiwa mchuzi wa soya. Siki ni asidi, na katika asidi vijidudu vingi hushindwa kukua. Kwa hiyo katika nchi ya joto adobo huchelewa kuharibika. Mmoja alitumia jua, mwingine alitumia siki, na wote wawili walishinda adui yule yule.

Wana pia mchuzi mkali uitwao sinigang, ambao ukali wake mara nyingi hutokana na ukwaju. Nanyi mwaujua ukwaju! Ndio bushishi yetu, ambayo mama zetu huitia katika uji. Nadhani Mfilipino akifika Bariadi akapewa uji wa ukwaju, angeweza kunyamaza kidogo, akakumbuka kwao.

5. Jamaa

Sasa nitawapa kisa kilichonifanya niandike somo hili.

Bibi yangu alifariki katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Baba mdogo niliyemtaja alikuja kutoka Katavi pamoja na watoto wake watatu, wote waliozaliwa huko. Walifika mchana, baada ya siku mbili njiani. Mzee mmoja, rika la marehemu, akawasalimu: "Mwadila." Watoto wakatazamana. Mkubwa akajibu, "Shikamoo, babu," naye aliinama kwa heshima. Hakukosa adabu hata kidogo. Lakini mzee alipoendelea kuwauliza kwa Kisukuma wao ni wana wa nani na wa ukoo gani, hawakuelewa neno. Mzee akanigeukia mimi akauliza, "Hawa ni watoto wa nani?"

Nikasema, "Ni wajukuu wa marehemu, babu."

Mzee hakusema kitu. Baba mdogo ndiye aliyetazama chini. Jioni aliniambia, "Mwanangu, miaka yote ile niliwapelekea fedha hapa nyumbani. Hata ng'ombe wa kumtibu mama nilimtoa. Nilidhani nimemaliza deni."

Maneno hayo wangeyafahamu sana Wafilipino. Wao wana sanduku kubwa la karatasi ngumu liitwalo balikbayan. Mama aliyeko ng'ambo hulijaza polepole kwa sabuni, nyama za mikebe, viatu na peremende, kisha hulipeleka kwa meli, na huchukua majuma mengi kufika. Kwa sanduku hilo na kwa fedha wanazopeleka, watoto wengi wamesoma na nyumba nyingi zimejengwa. Lakini watoto wengi pia wamelelewa na bibi zao, wakamjua mama kwa sauti ya simu. Viatu vinavyofika huwa vidogo, kwa sababu aliyevinunua alikumbuka mguu wa mwaka juzi.

Hata hivyo, yako yanayowasaidia. Watoto wa Kifilipino hufundishwa kuushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wao. Ni salamu ya heshima iitwayo mano, nayo haina gharama yoyote. Kwetu ziko salamu zetu, na yako majina. Pacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata huitwa Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Kila jina ni habari fupi ya siku ile mtoto alipozaliwa. Mtoto wa Mpanda aitwaye Mabula amebeba neno la kwetu hata kama hajui. Kinachobaki ni mtu wa kumweleza.

6. Haki ya mwenyeji

Lisingekuwa somo la haki kama ningesema habari za mgeni tu. Wenyeji nao wana nchi yao na desturi zao. Ng'ombe wengi wakiingia katika shamba la mpunga la mtu, ugomvi hauepukiki. Mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondoke Usangu, kwa ajili ya kuyalinda maji ya Mto Ruaha Mkuu, na watu wengi wakahama mara ya pili, wengine mpaka Lindi. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake, mgeni hana budi kushiriki kazi na sheria za mahali. Kushika ya kwenu si kudharau ya wenzako. Mtoto aweza kujua lugha ya kwao, lugha ya jirani na Kiswahili, na kichwa kisijae.

Mwisho

Baada ya mazishi watoto wale walikaa kwetu siku tisa. Siku ya kwanza walisukuma kando bakuli la michembe. Siku ya nne yule mdogo aliomba aongezwe. Siku ya kuondoka, mkubwa alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mzee, akapiga magoti mlangoni, akasema, "Mwangaluka." Mzee akaitikia, akamwuliza wa nani, naye akajibu kwa Kisukuma akataja jina la bibi yake. Matamshi hayakuwa mazuri. Mzee akamwomba arudie, si kwa kumkosoa, bali kwa kutaka kulisikia tena.

Basi, ninyi mnaolala katika mabweni yetu mmeanza kujifunza kuishi mbali na kwenu. Baadhi yenu mtafika mbali kuliko Mpanda. Likizo hii mwandikieni au mpigieni simu ndugu mmoja ambaye hamjapata kumwona, mkamwulize jina la bibi yake. Huenda ni bibi yenu pia.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu mbili zilizofanya Wasukuma wahamie mikoa mingine.
2. Kuna tofauti gani kati ya michembe na matobolwa? Kwa nini matobolwa yamfaa msafiri zaidi?
3. Eleza kwa nini jua na siki huchelewesha chakula kuoza.
4. "Nilidhani nimemaliza deni." Baba mdogo alikuwa na maana gani? Je, wakubaliana naye?
5. Mwulize mzee wa kwenu maana ya jina lako au la nduguye, uandike habari yake kwa mistari kumi.