Kunasa Protini ya Maji Machafu kwa Nyuzi

Maji yatokayo machinjioni huchukua damu, mafuta na mabaki ya nyama. Yakimwagwa mtoni, bakteria huishambulia protini iliyomo na kutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, hata samaki hufa kwa kukosa hewa. Je, yawezekana kuitoa protini hiyo kabla haijaleta madhara?

Chujio la kawaida halitoshi, kwani protini iliyoyeyuka hupita pamoja na maji. Njia mojawapo ni kutumia chaji yake ya umeme. Kila protini ina kiwango chake cha pH ambapo chaji chanya na hasi hulingana. Kwa albumini ya damu ya ng'ombe kiwango hicho ni karibu 4.7. pH ikizidi hapo, molekuli huwa na chaji hasi. Ikipungua, huwa na chaji chanya.

Selulosi, ambayo ndiyo asili ya nyuzi za pamba, peke yake hainasi protini vizuri. Mwaka 1956 wanasayansi Peterson na Sober wa Marekani walieleza namna ya kuitia vikundi vya kikemia vyenye chaji. Ubora wa nyuzi hizo ni kwamba molekuli kubwa za protini huzifikia kwa urahisi, ilhali vitundu vidogo vya resini nyingi haviziruhusu kuingia.

Kazi huendelea hivi:

1. Mafuta na vipande vigumu huondolewa, visije vikaziba nyuzi.
2. Maji yenye pH 7 hupitishwa katika nyuzi zenye chaji chanya, albumini hunaswa.
3. Nyuzi huoshwa kwa maji ya chumvi. Ioni za kloraidi hushika nafasi ya protini, nayo huachiliwa.
4. Nyuzi husuuzwa, zikatumika tena.

Tahadhari mbili zafaa kukumbukwa. Kwanza, maji machafu yakiwa na chumvi nyingi tangu mwanzo, protini hainaswi. Pili, himoglobini husawazisha chaji zake karibu na pH 7. Hivyo sehemu yake kubwa hupita, na maji hutoka yangali mekundu. Kuinasa hutaka pH ipandishwe, au zitumike nyuzi zenye chaji hasi katika pH ya chini.

Zoezi: Naitrojeni ni takriban asilimia 16 ya uzito wa protini. Ikiwa lita moja ya maji ina gramu 0.16 za naitrojeni ya protini, lita 10,000 zina protini kiasi gani?

Jibu: Kilo 10.