SOMO: Bima ya Dhima ya Kitaaluma kwa Wauguzi na Wakunga

Wapo wauguzi wanaoamini kwamba mtu aliyeajiriwa na Serikali hawezi kudaiwa yeye binafsi kwa kosa lililotokea kazini. Imani hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayohitaji maelezo. Kwa kuwa muuguzi wa Unguja au Pemba huweza kuajiriwa ng'ambo, Mkoa wa Tanga, mfano wa somo hili unachukuliwa katika wilaya mbili za mkoa huo, Handeni na Korogwe.

Ichukuliwe kuwa mkunga mmoja yu peke yake usiku katika zahanati ya kijiji wilayani Handeni. Mama aliye katika uchungu anachelewa kujifungua, na baada ya kujifungua anatokwa na damu nyingi. Mkunga anamchoma sindano ya oksitosini, anaita gari la wagonjwa, kisha anamsindikiza mama na kichanga chake mpaka Hospitali ya Magunga, Korogwe. Kutoka mji wa Handeni hadi Korogwe ni lami, kiasi cha kilomita 65. Kutoka kijijini hadi mji wa Handeni ni habari nyingine, hasa wakati wa masika. Mama anapona, lakini mtoto anabaki na ulemavu. Baada ya miaka kadhaa familia inadai kwamba uchungu haukufuatiliwa ipasavyo.

Nani atajibu dai hilo? Mahakama za Tanzania zilipokea kanuni nyingi za sheria ya Uingereza, na miongoni mwake ni ile isemayo kuwa mwajiri hubeba dhima ya kosa la mtumishi wake lililotendeka katika kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kipimo cha uzembe nacho ni kile kilichoelezwa katika hukumu ya Bolam ya mwaka 1957: mtaalamu hatakiwi kuwa bingwa kuliko wote, bali atende kama ambavyo mtaalamu wa kawaida wa fani na daraja lake angetenda. Kwa zahanati ya umma, mdai hufuata utaratibu wa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, inayomtaka atoe taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Kwa hospitali ya shirika la dini, kama ile ya Kwamkono huko huko Handeni iliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana, mwajiri ni taasisi yenyewe, na hapo mtumishi afanye hima kuuliza kama mwajiri wake ana bima na inafika wapi.

Nusu ya pili ni hii. Dhima ya mwajiri haifuti dhima ya mtumishi. Mwaka 1957 huo huo, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la dereva wa lori aliyemjeruhi baba yake mzazi wakiwa kazini. Baba alilipwa fidia kupitia bima ya mwajiri. Kisha kampuni ya bima, kwa jina la mwajiri, ikamdai mtoto airudishe fedha hiyo, na ikashinda. Hukumu hiyo ililalamikiwa sana, na si aghalabu mwajiri kufuata njia hiyo. Hata hivyo hukumu za namna hiyo husomwa na mahakama za Tanzania kama mwongozo.

Tena yapo mambo ambayo ngao ya mwajiri haiyafikii kabisa. Muuguzi wa zamu ya mchana anayeuza dawa jioni katika duka la mtu mjini Korogwe, au anayechoma jirani sindano nyumbani kwa ujira mdogo, hayumo katika kazi ya mwajiri wake. Akiitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililopo kwa Sheria ya mwaka 2010, leseni inayohojiwa ni yake mwenyewe. Na iwapo atashitakiwa kwa matibabu ya kizembe chini ya kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu, hakuna bima inayotumikia kifungo. Hati nyingine hulipia wakili tu.

Hapo ndipo bima ya dhima ya kitaaluma inapoingia. Mwenye bima hulipa ada kila mwaka, na kampuni hubeba gharama za utetezi na fidia hadi kikomo kilichoandikwa. Neno la kutazamwa kuliko yote katika hati ni siku inayohesabiwa. Hati nyingine hufuata siku ya tukio: kosa likitokea bima ikiwa hai, dai litapokewa hata likija baadaye. Nyingine, na ndizo nyingi katika bima za taaluma, hufuata siku ya dai: bima iwe hai siku dai linapoletwa. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa mkunga ni kubwa mno. Kwa sheria ya ukomo wa muda ya Tanzania Bara, madai ya madhara ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ila kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa atakapotimiza miaka 18. Mkunga wa mfano wetu aweza kuwa amekwisha kustaafu na kuacha kulipa ada. Anayenunua hati ya siku ya dai hana budi kuuliza mapema kuhusu nyongeza ya muda baada ya kustaafu, na chati ya uchungu ya usiku ule ihifadhiwe.

Hati nyingi pia humkataza mwenye bima kukiri dhima bila idhini ya kampuni. Wauguzi wengine hutafsiri sharti hilo kuwa wasiwaone wafiwa wala wasiseme neno. Huko ni kuzidisha. Kutoa pole na kueleza kilichotokea si kukiri dhima. Kuandika karatasi ya kuahidi malipo ndiko kunakokatazwa.

Bima hii isichanganywe na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara, unaomlipa mtumishi aliyeumia mwenyewe, mathalani kwa kuchomwa na sindano, wala na bima ya afya, inayomlipia mgonjwa matibabu.

Mwisho, kwa wale wanaovuka. Afya si jambo la Muungano, na kila upande una Baraza lake la wauguzi. Kwa kawaida kampuni hushika sharti kwamba mwenye bima awe na leseni halali ya mahali anapofanyia kazi. Kwa hiyo muuguzi atokaye Pemba akaajiriwa Handeni ajisajili kwanza Bara, ndipo alipe ada. Usimamizi wa kampuni za bima umo mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar pia, na huko ndiko malalamiko dhidi ya kampuni inayokataa kulipa hupelekwa.