Wino Unaopasuka Kwenye Fulana za Kuvutika

SWALI: Nachapa fulana hapa Old Kampala. Kwenye pamba wino unakaa vizuri. Kwenye fulana za polyesta na spandeksi nembo inapasuka, na nyeupe juu ya nyekundu inageuka waridi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hayo ni matatizo mawili.

Wino hupasuka kwa sababu hauvutiki au haukuiva hadi chini. Wino wa kawaida wa plastisoli huiva kwenye nyuzi joto 160 hivi za selsiasi, na tabaka zima lazima lifikie hapo. Ongeza kwenye wino dawa ya kuvutika kwa kipimo cha mtengenezaji. Usiivute fulana unapoitandika ubaoni.

Uwaridi ni rangi ya polyesta inayopanda kwa joto na kuingia kwenye wino. Unaponunua wino, Nasser Road hapo Kampala au kwingine, omba nyeupe inayozuia rangi kupanda na inayoiva kwa joto la chini, nyuzi 130 hadi 140. Usirundike fulana zikiwa moto.

Kabla ya oda chapa moja, iache ipoe, ivute kwa vidole, kisha iangalie tena kesho yake, maana rangi huweza kupanda baada ya saa kadhaa. Isipofaulu, usianze oda.