Simu ya mdogo mdogo: piga hesabu kabla ya kuweka sahihi

Mpango wa kulipia simu kidogo kidogo si mgeni tena Kwale. Tangu Julai 2020, Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 kwa siku, mipango ya aina hii imeongezeka. Imewafikishia wengi simu janja. Hata hivyo, ni mkopo, na mkopo una gharama.

Anza na kazi, si jina la simu

Kama unatuma na kupokea M-Pesa na kupiga simu tu, kabambe inatosha. Hata kujisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) unaweza kwa kupiga *147#. Lakini mama wa Gazi anayewatumia wateja picha za samaki, au mwendeshaji boda wa Ukunda anayepata abiria kupitia programu, anahitaji simu janja. Kwa kazi hizo, tafuta simu ya 4G, betri ya mAh 5000 na hifadhi isiyopungua GB 64. Kamera tatu au nne nyuma ya simu zisikupumbaze.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Simu inauzwa shilingi 13,000 taslimu. Kwa mkopo, unatoa 2,500 kwanza, kisha 60 kila siku kwa siku 365.

60 × 365 = 21,900
21,900 + 2,500 = 24,400

Umeongeza shilingi 11,400 juu ya bei ya taslimu. Shilingi 60 kwa siku huonekana ndogo kwa sababu hakuna anayekutajia jumla. Muulize muuzaji: "Nikimaliza, nitakuwa nimelipa pesa ngapi kwa jumla?" Akishindwa kujibu, usiweke sahihi.

Sasa geuza hesabu. Ukiweka 60 hizo kila siku, utafikisha 13,000 kwa siku 217, yaani miezi saba hivi. Chama cha watu kumi kinaweza kukufikisha mapema zaidi, zamu yako ikifika. Lakini kama simu itakuingizia zaidi ya 60 kila siku kuanzia leo, mkopo unaweza kuwa na maana.

Msimu nao uhesabiwe

Simu nyingi za mkopo hujifunga usipolipa. Huku kwetu mapato hayaji sawasawa mwaka mzima. Kusi linapovuma, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, mvuvi wa Msambweni huenda akashinda nchi kavu siku kadhaa. Diani nako, kati ya Aprili na Juni wageni hupungua. Deni halijui kusi wala kaskazi. Usipime uwezo wako kwa siku ya Desemba. Pima kwa siku ya Mei. Kama Mei huwezi kutoa 60, mpango huo haukufai.

Kabla ya kutoa pesa

• Bonyeza *#06#. Namba itakayotokea ilingane na iliyo kwenye boksi. Kumbuka Septemba 30, 2012, mwisho wa muda waliopewa wenye simu bandia kabla hazijazimwa nchini.
• Dai risiti na waranti ya maandishi.
• Uliza: simu ikiibwa au ikianguka majini, nitaendelea kulipa? Kuna bima?
• Uliza: nikilipa mapema, nitapunguziwa?
• Soma ruhusa unazoipa kampuni. Mkopeshaji akitumia namba za jamaa zako kukudai, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kama maandishi ya mkataba yanakutatiza, nenda na mtu unayemwamini akusomee. Haraka haraka haina baraka, na simu dukani zipo hata kesho.