Kutengeneza Mti wa Bunduki Uliokwaruzika

Rhamu ni mji mdogo ulio karibu na mto Daua, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Ethiopia. Zamani za Northern Frontier District, askari walioitwa Dubas kwa ajili ya vilemba vyao vyekundu walilinda nchi hiyo kavu wakichukua bunduki za .303. Chuma cha bunduki kila askari hukijali. Mti ndio husahauliwa. Nao husuguliwa na matandiko ya ngamia, hugongwa na mawe, na jua huukausha hata ukalegea mahali unaposhikana na chuma.

Mti wa bunduki za Lee-Enfield za zamani ulikuwa wa mjozi, nao haukupakwa vanishi bali mafuta ya kitani. Kwa sababu hiyo mwenye bunduki, ikiwa anayo kwa idhini ya sheria, aweza kuutengeneza mwenyewe.

Kwanza kabisa risasi zote hutolewa, magazini huondolewa, komeo huchomolewa, na chemba hutazamwe kwa macho penye nuru. Kutia kidole na kudhani hakutoshi.

Kisha alama yenyewe yapasa kutambuliwa. Mahali palipobonyea, nyuzi za mti zimelala tu. Mahali palipokatwa, nyuzi zimekatika. Palipobonyea pataweza kuinuka kwa mvuke. Kitambaa safi huloweshwa maji, hukunjwa, huwekwa juu ya bonyeo, na pasi ya makaa yenye moto hugandamizwa juu yake kwa muda mfupi sana. Mvuke huingia katika nyuzi, nazo huvimba na kurudi mahali pake. Hufanywa mara tatu au nne, maji yasiguse chuma, kisha mti huachwa kivulini siku nzima. Mtu mwenye haraka huuweka juani, naye hupata ufa badala ya bonyeo.

Mkato hauinuki kwa mvuke. Husuguliwa kwa msasa laini kwa kufuata nyuzi, wala si kwa kuzikingama. Namba zilizopigwa kwenye mti zisiguswe. Wala pasisuguliwe mahali mti unaposhikana na chuma: mti ukipungua hapo, mtutu hautulii, na risasi haiendi inakoelekezwa.

Mafuta ya kitani hutiwa kidogo tu na kusuguliwa kwa kiganja mpaka mkono upate joto, yanayobaki hupanguswa. Askari wa zamani walikuwa na desturi: kila siku kwa juma moja, kila juma kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja. Samli haifai, ingawa hupatikana kwa urahisi kwa wafugaji, kwa maana haikauki, bali hunata vumbi na kunuka.

Vitambaa vilivyotumika visirundikwe pamoja. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa laweza kuwaka lenyewe usiku watu wamelala. Hutandazwa nje juu ya mawe mpaka vikauke, au huloweshwa maji.

Ufa ukionekana kwenye shingo ya mti, nyuma ya komeo, mafuta na msasa havina kazi. Bunduki hiyo isipigwe tena kabla ya kutazamwa na fundi wa silaha.