Gemu za zamani zauzwa upya: Je, thamani inalingana na bei?

SOMO letu la soko wiki hii linahusu bidhaa isiyooza, isiyopungua ghalani, na ambayo gharama ya kuitunga ililipwa miaka mingi iliyopita. Bidhaa hiyo ni gemu za video za zamani, hasa za miaka ya 1980 na 1990, ambazo wenye haki nazo wanazirudisha sokoni katika vifungashio vipya na kwa bei mpya.

Aliyekua akicheza Super Mario Bros., gemu iliyotoka Japani mwaka 1985, leo ni mtu mzima mwenye kipato chake. Anapoiona tena dukani, moyo humtuma kulipa kabla hajapiga hesabu, na wauzaji wanalifahamu hilo vizuri. Je, mnunuzi wa leo anapata thamani ya fedha yake, au anauziwa kumbukumbu yake mwenyewe kwa mara ya tatu au ya nne?

Bei zilivyokuwa

Zifuatazo ni bei za rejareja nchini Marekani siku bidhaa zilipotoka, pamoja na wastani wa bei kwa kila gemu iliyomo.

NES Classic Edition (Nintendo, Novemba 2016): dola 59.99, gemu 30, wastani dola 2.00.
SNES Classic Edition (Nintendo, Septemba 2017): dola 79.99, gemu 21, wastani dola 3.81.
PlayStation Classic (Sony, Desemba 2018): dola 99.99, gemu 20, wastani dola 5.00.
Sega Genesis Mini (Sega, Septemba 2019): dola 79.99, gemu 42, wastani dola 1.90.
Super Mario 3D All-Stars (Nintendo, Septemba 2020): dola 59.99, gemu 3, wastani dola 20.00.
Grand Theft Auto: The Trilogy (Rockstar, Novemba 2021): dola 59.99, gemu 3, wastani dola 20.00.

Nne za mwanzo ni mashine ndogo zenye gemu ndani yake, ambazo huchomekwa kwenye runinga na kuchezwa. Mbili za mwisho ni mikusanyo inayohitaji mnunuzi awe tayari na mashine kubwa ya kisasa, au kompyuta kwa ile ya Rockstar.

Msomaji asidanganyike na wastani. Kununua gemu 42 kwa mkupuo ni sawa na kununua fungu la nyanya sokoni: za juu zinang'aa, za chini utazijua ukifika nyumbani. Ikiwa katika gemu 42 utacheza nne tu, basi bei yako halisi ni karibu dola 20 kwa moja. Hesabu gemu utakazocheza kwa kweli, kisha ndiyo ugawanye.

Uhaba wa kutengenezwa

Somo la kwanza ni kuhusu haraka. NES Classic iliuzwa chini ya kiasi cha mahitaji tangu siku ya kwanza. Aprili 2017 Nintendo ilitangaza kusitisha uzalishaji, baada ya kuuza takriban mashine milioni 2.3. Walanguzi wakaingia kazini, na mashine ya dola 60 ikauzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake. Juni 2018 kampuni ikairudisha madukani kwa bei ileile ya awali. Aliyelipa bei ya kuruka alipoteza tofauti yote. Aliyesubiri mwaka mmoja hakupoteza kitu.

Super Mario 3D All-Stars nayo ilitangazwa kuwa itauzwa hadi Machi 31, 2021 tu. Tangazo hilo lilifanya kazi yake, kwani nakala zaidi ya milioni 9 ziliuzwa. Hata hivyo, bidhaa yenye nakala milioni 9 haiwezi kuitwa adimu. Aidha, Super Mario Galaxy, moja kati ya gemu tatu zilizokuwamo, ilirudi sokoni Oktoba 2025 ikiuzwa peke yake kwa dola 39.99. Ile iliyodhaniwa kuwa nafasi ya mwisho haikuwa ya mwisho.

Upande wa pili ni PlayStation Classic. Ilitoka Desemba 3, 2018 kwa dola 99.99, na kabla ya mwezi huo kwisha ilikuwa inauzwa dola 59.99. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya dola 40. Wiki chache za subira zilikuwa na thamani ya dola 40, faida ambayo ni nadra kuipata bila kutoa jasho.

Kazi iliyofanyika

Somo la pili ni kuuliza muuzaji amefanya kazi gani. Gharama ya kutunga gemu ilikwisha kurudi zamani, kwa hiyo unacholipia leo ni kazi mpya: kuifanya iendeshe vizuri katika runinga za kisasa, kusahihisha makosa na kuongeza kilichokosekana.

SNES Classic ni mfano mzuri. Ndani yake mlikuwa na Star Fox 2, gemu iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1990 kisha ikawekwa kabatini bila kuuzwa. Mwaka 2017 ndiyo mara ya kwanza ilipotolewa rasmi. Mnunuzi alipata kitu ambacho hata aliyekuwa na mashine ya zamani hakuwahi kukiona dukani.

PlayStation Classic ilikuwa kinyume chake. Gemu tisa kati ya ishirini ziliwekwa katika toleo la Ulaya, linalokwenda kwa kasi ya picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Marekani na Japani. Wachezaji waliozizoea waliona zinakwenda kwa kujikokota. Bei ilishuka kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine.

Mkusanyo wa Grand Theft Auto ulikuwa funzo kubwa zaidi. Ulipotoka Novemba 11, 2021, mvua ilizuia mchezaji asione mbele, sura za wahusika ziliharibika na maandishi ya mabango yalikosewa. Wakati huohuo matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, hivyo mnunuzi hakuwa na chaguo. Siku nane baadaye Rockstar iliomba radhi na kuahidi kuyarudisha matoleo ya zamani katika duka lake la kompyuta.

Unabaki na nini mkononi?

Somo la tatu ndilo zito. Kuna tofauti kati ya kununua kitu na kununua ruhusa ya kukitumia. Mwandishi wa safu hii alilijua hilo kwa uchungu. Nilinunua gemu tano za zamani kwenye duka la mtandaoni, mashine ikaungua, na nilipopata nyingine duka lilikuwa limekwisha kufungwa. Risiti ninayo hadi leo, gemu sina.

Nintendo ilifunga duka la mashine yake ya Wii Januari 30, 2019, na mauzo katika maduka ya Wii U na 3DS yakakoma Machi 27, 2023. Aliyenunua Super Mario Bros. kwenye Wii kwa dola 5 alitakiwa kuongeza dola moja ili aipate katika Wii U. Ilipokuja mashine ya Switch, ununuzi huo haukuhamishika kabisa. Badala yake gemu hizo zikawekwa kwenye ada ya uanachama, iliyoanza Septemba 2018 kwa dola 19.99 kwa mwaka nchini Marekani. Kwa miaka sita ni karibu dola 120, yaani mara mbili ya bei ya NES Classic. Ni kweli kwamba ada hiyo inaruhusu pia kucheza na wengine kwa mtandao, na orodha ya gemu ni ndefu zaidi. Lakini siku ukiacha kulipa, unabaki mikono mitupu. Hiyo ni kodi ya pango, na mpangaji hajengi.

Jimbo la California lilitunga sheria, inayotumika tangu Januari 1, 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za aina hii aseme wazi kwamba anauza leseni. Kwa upande wake, duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya Poland, huuza gemu za kompyuta bila kufuli. Mnunuzi anaweza kuhifadhi faili katika diski yake, na duka likifungwa kesho faili lake linabaki.

Hukumu ya soko

Je, zinunuliwe? Jibu ni ndiyo, kwa masharti. Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa Julai 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani. Gemu inaporudi kwa bei nzuri, inamfaa hata kijana ambaye hakuwapo ilipotoka.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, jiulize mambo manne. Utacheza gemu ngapi kwa kweli? Muuzaji ameongeza kazi gani? Duka likifungwa utabaki na nini? Na je, unaweza kusubiri miezi mitatu usome malalamiko ya waliotangulia? Anayeagiza kupitia jamaa aliyeko ng'ambo aongeze pia nauli na ushuru katika bei, ndipo alinganishe.

Mwisho, asinunue mtu kwa nia ya kuweka akiba. Mwaka 2021 kaseti ya Super Mario 64 ya mwaka 1996, iliyokuwa haijafunguliwa, iliuzwa kwa mnada nchini Marekani kwa dola milioni 1.56. Ile ilikuwa kaseti ya asili. Toleo la marudio huchapishwa upya kila mwenye haki anapotaka, na bidhaa ya namna hiyo faida yake ni moja tu: kuichezea.